Vidonge vya omega, ndagala na kilo ya mtoto: mama mwenye mimba alipe nini kwanza?

Ukishuka toka Kirungu mpaka Moba-Port, ku farmasi nyingi utaona chupa ya plastiki yenye picha ya samaki ao ya mama mwenye tumbo. Ndani kuna vidonge laini vyenye kung'aa, rangi ya mafuta. Ni omega-3. Wenye kuuza wanasema mama mwenye mimba akimeza, mtoto atazaliwa na kilo nyingi na atakuwa na akili ku masomo. Kila mara tukifanya kipindi cha afya, swali linarudi: ile omega ni kweli ao ni biashara tu? Jibu lake haliingii katika dakika mbili za mikro, ndiyo maana tumeliandika hapa.

Nianze na nyumba yangu. Mwaka 2019 bibi yangu alikuwa na mimba ya kwanza. Mtu mmoja wa farmasi alinishauri ninunue chupa ya omega, nikanunua, na haikuwa bei ndogo kwa mtu wa redio. Wakati huo vidonge vya fer-folate, vile vya damu, ambavyo alipewa ku CPN, vilikuwa vimebaki ndani ya kasashi juu vilimletea kichefuchefu. Mimi sikuuliza. Mtoto alikuja mbele ya wakati, kilo 2,3. Nilikasirikia ile chupa kwa muda mrefu. Kumbe chupa haikuwa kosa lenyewe. Kosa lilikuwa katika kasashi.

Mbele ya kusema omega inaongeza kilo ao haiongezi, inaomba tuelewane juu ya mtoto mdogo ni nani. OMS inasema mtoto aliyezaliwa na chini ya gramu 2500, ni kusema kilo 2 na nusu, ana uzito mdogo. Lakini watoto wawili wanaweza kupimwa ku materniti siku moja, wote kilo 2,2, na sababu zao zisifanane hata kidogo. Mmoja amezaliwa ku mwezi wa nane: alikuwa anaendelea vizuri, ila amekatiwa njia. Mwengine amefikisha miezi yake yote tisa, lakini amekonda tumboni juu chakula na damu havikumfikia vizuri. Wa kwanza alikosa siku, wa pili alikosa chakula. Mwenye kuuza chupa hawatofautishi hao wawili, na hapo ndipo maneno mengi yanapotea njia.

Hadithi ya omega ilianzia mbali na sisi, ku visiwa vya Faroe, kule kaskazini ya Ulaya, ambako watu wanakula samaki sana. Katika miaka ya 1980 mganga mmoja wa Denmark, Sjúrður Olsen, aliona kwamba watoto wa Faroe wanazaliwa wakubwa kuliko wale wa Denmark, na mimba za mama zao zinakaa siku nyingi zaidi. Akajiuliza kama ni juu ya samaki. Mwaka 1992 yeye na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la wanawake 533 wa Denmark waliokuwa ku juma la 30 la mimba. Wengine walipewa mafuta ya samaki, wengine mafuta ya zeituni, wengine hawakupewa kitu. Wale wa mafuta ya samaki walichukua mimba siku 4 zaidi kuliko wale wa zeituni, na watoto wao walizidi kwa gramu 107.

Hesabu hiyo tuisome polepole. Ku majuma ya mwisho, mtoto tumboni anaongeza karibu gramu 200 kwa juma. Siku 4 zinaleta karibu gramu 100. Basi ile gramu 107 karibu yote ni zile siku 4. Mafuta hayakumnenepesha mtoto, yalimwongezea tu siku za kukaa ndani.

Nyuma ya hapo majaribio yalifanyika mengi. Mwaka 2018 watafiti wa shirika la Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio na kuyapima pamoja, waliweka ku meza moja majaribio 70 yenye wanawake karibu 20 000. Ku wanawake 1000 wasiopata omega, 134 walizaa mbele ya juma la 37. Ku waliopata, 119. Mbele ya juma la 34, pale mtoto anapokuwa katika hatari kubwa zaidi, hesabu ilishuka toka 46 mpaka 27. Watoto wa chini ya kilo 2 na nusu walishuka toka 156 mpaka 140. Lakini ku wale watoto wa namna ya pili, waliokonda ijapokuwa miezi imetimia, hakukuonekana tofauti ya wazi. Na kuna upande mwengine ambao ku chupa hauandikwi: mimba zilizopita juma la 42 ziliongezeka, toka 16 mpaka 26 ku kila 1000. Mimba kupitisha wakati nayo ina hatari zake, mamunganga wanazijua.

Australia walipima tena. Mwaka 2010 walitoa jaribio la wanawake karibu 2400 waliomeza miligramu 800 za DHA kila siku. DHA ni ile omega-3 ya samaki inayojenga ubongo na macho ya mtoto. Watoto walizidi kwa gramu 68, lakini baadaye, walipopimwa akili, hawakupita wenzao. Ndiyo, lile neno la akili ku masomo, ambalo wengi wanalinunua zaidi ya kilo, jaribio hilo halikulithibitisha. Mwaka 2019 ikatoka ingine, kubwa zaidi, mimba zaidi ya 5500, na hiyo haikuona faida ya kuzuia kuzaa mapema sana: asilimia 2,2 ku waliopata, asilimia 2,0 ku wasiopata.

Sasa mtu atasema, wanasayansi hawa wanavutana, tuwaamini nani? Mimi naona hawavutani. Walipoangalia damu ya wale wanawake wa Australia toka mwanzo wa mimba, waliona wenye kufaidika ni wale waliokuwa na omega kidogo mwilini. Wale waliokuwa nayo ya kutosha hawakufaidika, na kwao kuna dalili kwamba kuongeza juu ya kile kilichopo kunaweza hata kuleta kuzaa mapema. Ni sawa na kumwagilia shamba. Udongo ukiwa umekauka, maji yanasaidia. Ukiwa umeloa, unaozesha mizizi.

Kwa hiyo swali la kweli ni hili: sisi wa Moba tuko udongo gani?

Tuko ku ukingo wa Ziwa Tanganyika. Omega ya ile chupa imetoka ku samaki, na samaki tunao. Watu wengine wanafikiri omega iko ku samaki wa bahari tu, wale wa maji ya chumvi. Si hivyo. Huko Tanzania, ku ziwa dogo la Kitangiri, watafiti walipima maziwa ya wamama wanaokula samaki wa pale, wakatoa matokeo mwaka 2005: maziwa yao yalikuwa na DHA nyingi. Maziwa ya mama yanaonyesha kile mama anachokula. Basi mama wa ziwa anayekula samaki mara nyingi, kuna nafasi kubwa kwamba chupa haitamwongezea kitu, juu anakula omega yake ndani ya sahani.

Na ndagala inampa vingine ambavyo kidonge hakina. Inaliwa nzima, na kichwa na mifupa, basi ina kalsiamu, chuma, zinki na protini. Kidonge cha mafuta ni mafuta tu.

Lakini hapa naomba tusijidanganye. Kukaa karibu na ziwa na kula samaki ni mambo mawili. Nani Moba anakula ndagala? Angalia soko. Mzigo mzuri unafungwa ndani ya magunia, unapakiwa ku boti kwenda Kalemie, ao unapanda barabara kuelekea Pweto na Lubumbashi. Mama anayeanika ndagala toka asubuhi, akizigeuza ku jua na mimba ya miezi saba, mara nyingi ndiye anayerudi nyumbani na yale mabaki yaliyovunjika. Anauza samaki ili anunue unga wa bukari. Simlaumu, watoto wanaomba unga kwanza. Na ukipanda juu, ku milima ya Marungu, kule kwenye maharagwe na ng'ombe, kuna nyumba ambazo samaki anaingia mara moja moja. Teritwari ni moja, wamama hawako sawa. Mama wa kijiji cha juu, ambaye samaki kwake ni ya siku kuu, ndiye anafanana na wale wa Australia wenye omega kidogo.

Mawese je? Wengi wanauliza. Mawese ni mazuri, yale mekundu yana vitamini A ya mimea ambayo haimdhuru mwenye mimba, lakini omega-3 karibu hayana. Mafuta ya karanga vilevile. Sombe ina kidogo ya aina ile ya mimea, na mwili unaigeuza kuwa DHA kwa shida sana. Kwa omega, hakuna anayemshinda samaki.

Namna ya kumtengeneza nayo inahesabika. Mafuta ya omega yanaharibika kwa joto, hewa na jua. Ndagala iliyoanikwa siku nyingi chini, ku mchanga, mpaka imekuwa ya manjano na harufu kali, imepoteza sehemu ya omega yake, ijapokuwa protini, kalsiamu na chuma vinabaki. Iliyokauka haraka ku vichanja ni bora. Ya mubichi iliyopikwa kwa maji, na mchuzi ukanywewa, ni bora zaidi. Ukiikaanga ndani ya mafuta mengi, mafuta ya kukaanga yanaingia na omega inatoka.

Turudi ku chupa, juu kuna mtu tayari ameshaweka mkono mfukoni. Chukua chupa, geuza nyuma, soma maandishi madogo. Mbele wameandika 1000 kwa namba kubwa. Hiyo 1000 ni miligramu za mafuta ya samaki, si za omega. Ku vidonge vya kawaida, ndani ya ile 1000 kuna karibu miligramu 180 za EPA na 120 za DHA. Yaliyobaki ni mafuta ya kawaida. Wale wanawake wa Australia walimeza DHA 800 kwa siku. Fanya hesabu: kwa kidonge cha 120, inaomba karibu vidonge 7 kila siku ili ufikie kipimo chao. Chupa ya vidonge 60 ingeisha kwa siku tisa hivi. Nani Moba atalipa hivyo kwa miezi sita? Kwa hiyo anayemeza kimoja kwa siku hafuati lile jaribio ambalo muuzaji analisifu.

Lakini kula tu kuwa na afya, bila kutafuta kufanana na majaribio, hakuombi kiasi hicho. Wataalamu wa FAO na OMS waliokutana mwaka 2008 walisema mwenye mimba apate kwa siku angalau miligramu 300 za omega ya samaki, na katika hizo 200 ziwe DHA. Mama anayekula samaki mara kadhaa kwa juma anaweza kuifikia bila farmasi.

Kuna chupa zingine zimeandikwa omega 3-6-9. Watu wanadhani namba nyingi ni nguvu nyingi. Omega-6 na 9 ziko tayari ku mafuta ya karanga na ku muhindi, unalipa kitu ambacho unacho jikoni. Na kuna ile ya mafuta ya ini la samaki, ambayo ina vitamini A ya wanyama. Hiyo mwenye mimba asiichezee, zaidi ku miezi ya kwanza: vitamini A ya namna hiyo ikizidi inaweza kuharibu umbo la mtoto. OMS inaweka mpaka wa yunite 10 000 kwa siku. Pia chupa iliyokaa miezi ku kaunta yenye jua, ukiifungua ikanuka samaki aliyeoza, mafuta yameharibika. Usimeze kwa sababu tu umelipa.

Sasa yule mtoto wa pili, aliyekonda ijapokuwa miezi imetimia, anasaidiwa na nini? Hapa tuna mifano ya karibu, na mimi naona ndiyo sehemu kubwa ya habari hii.

Mangochi, Malawi, nako ni mwambao wa ziwa, na malaria kama kwetu. Watafiti walichukua wanawake 1391 wenye mimba, wakawapa wengine chakula cha mafuta chenye karanga, maziwa na vitamini, cha kupakwa kama siagi, na wengine fer-folate ya kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2015: ukubwa wa watoto haukutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Ghana, chakula cha namna hiyo kiliongeza gramu 85, na kwa mimba ya kwanza gramu 237. Kitu kimoja, nchi mbili, majibu mawili. Huwezi kuchukua chupa iliyofanya kazi mahali pengine ukaamini itafanya kazi ku mlango wako.

Dar es Salaam walifanya jaribio kubwa la wanawake 8468 wasiokuwa na VIH, matokeo yakatoka mwaka 2007. Wote walipata fer-folate, nusu wakaongezewa vitamini mbalimbali. Watoto wa chini ya kilo 2 na nusu walikuwa asilimia 7,8 ku wale wa vitamini, na asilimia 9,4 ku wengine. Wastani wa gramu 67 zaidi. Linganisha na zile 68 za omega ya Australia. Karibu sawa, na vitamini hivyo ni rahisi kuliko mafuta ya samaki ndani ya chupa.

Halafu malaria. Vijidudu vyake vinajificha ku kondo, ile nyama inayomlisha mtoto, vinaziba njia ya chakula na damu. Mama anaweza hata asiwe na homa kali, na mtoto anakonda. Mwaka 2012 uchunguzi wa nchi 25 za Afrika ulionyesha kwamba ku mimba ya kwanza na ya pili, mama aliyelindwa na musitikeri ao Fansidar, hatari ya kuzaa mtoto wa uzito mdogo ilikuwa pungufu kwa asilimia 21. Fansidar inatolewa ku CPN toka mwezi wa nne, kila mara mwezi mmoja upite, na OMS inaomba isipungue mara tatu. Mama anayetumia Bactrim kila siku juu ya VIH hapewi Fansidar, amwambie munganga. Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: folate ya miligramu 5, ile inayouzwa ku farmasi, inadhoofisha kazi ya Fansidar. Ya CPN ni 0,4. Usijiongezee mwenyewe ukidhani ni vizuri.

Nimetaja musitikeri, na hapa ziwa na tumbo vinakutana kwa namna ya kuhuzunisha. Uchunguzi uliotoka mwaka 2014 uliuliza familia 196 kando ya Ziwa Tanganyika. Karibu 87 ku 100 walisema musitikeri zimetumika nyumbani kwao kuvulia samaki. Kila mtu wa mwambao anajua, hatuhitaji mtafiti kutufundisha. Musitikeri inashonwa, inavutwa ku ukingo, inabeba hata watoto wa samaki wasiofika kidole. Kwa usiku ule mama amelala bila kinga, na mwaka unaofuata samaki imepungua. Tunapoteza kilo ya mtoto mara mbili kwa kitambaa kimoja. Na simwambii mvuvi kwamba yeye ni mbaya. Ukiwa na njaa leo, ndagala ya mwaka ujao ni maneno.

Ziwa lenyewe limechoka. Mwaka 2003 watafiti waliandika kwamba joto la maji limezuia virutubisho vya chini visipande juu, chakula cha samaki kimepungua kwa karibu asilimia 20, na samaki huenda imepungua kwa karibu asilimia 30. Na wavuvi wameongezeka, na taa, na nyavu. Nchi nne za ziwa, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zikapatana kufunga uvuvi miezi mitatu ili samaki wazae. Mwaka 2024 ilikuwa toka tarehe 15 mwezi wa tano mpaka 15 mwezi wa nane.

Mimi niko upande wa kufunga. Bila hivyo watoto wetu watasikia ndagala katika hadithi. Lakini angalia hesabu ya mimba. Ile miezi mitatu ya ziwa ni sawa na miezi mitatu ya mwisho ya tumbo, wakati ubongo wa mtoto unavuta DHA kwa wingi kuliko wakati mwengine wote. Mama aliyeingia mwezi wa saba wa mimba tarehe 15 mwezi wa tano, anafika siku za kuzaa karibu na wakati ziwa linafunguliwa. Bwana yake ni mvuvi, basi franga nayo imesimama. Bei ya ndagala kavu ku soko inapanda. Kipindi hicho hicho ndicho atakachoambiwa anunue chupa ya omega.

Wakubwa wakiongea juu ya kufunga ziwa, wanaongea juu ya nyavu, doria na faini. Juu ya wenye mimba, nadra. Na mambo ya kufanya si ya mamilioni. Tarehe ya kufunga inajulikana mbele, basi zone de santé za Moba na Kansimba zinaweza kuhakikisha fer-folate, Fansidar na musitikeri zimefika ku vituo mbele ya mwezi wa tano, si nyuma. Warelé wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kuandika wamama watakaoingia miezi ya mwisho ziwa likiwa limefungwa, zaidi ku kambi za wavuvi. Vyama vya wamama wauza samaki vinaweza kuweka gunia la ndagala iliyokauka vizuri, ku vichanja, pembeni kwa ajili ya wanachama wenye mimba. Kama msaada wa chakula unakuja, maharagwe ya Marungu yako hapa hapa, na mayai, hatuhitaji kuagiza mbali.

Kuna neno lingine nataka kuligusa, juu wamama wananiambia kando, si ku mikro. Wengine hawataki mtoto mkubwa. Wanaogopa kupasuliwa, wanaogopa ile moto ya usiku kwenda hospitali kubwa na deni linalofuata. Wanapunguza kula ku mwezi wa nane na wa tisa ili mtoto apite kirahisi. Woga huo una sababu, lakini kujinyima hakuponyi njia. Mtoto anakonda, na damu ya mama inapungua siku ile ile anapoihitaji. Na omega, kwa kipimo cha kawaida, haileti mtoto wa kushindwa kupita. Aliyewahi kupasuliwa ao mfupi sana, aseme mapema ku CPN, apangiwe mahali pa kuzalia.

Na wewe ambaye chupa iko tayari juu ya kabati? Usiitupe na usiikimbilie. Soma nyuma kama ni ya ini la samaki. Kama siyo, na tarehe haijapita, na haina harufu ya kuoza, kidonge kimoja kwa siku pamoja na chakula hakina shida kwa wengi. Kama unatumia dawa za kupunguza damu isigande, ao uliwahi kutoka damu katika mimba hii, uliza munganga mbele ya kumeza. Peleka chupa yenyewe ku CPN, asome. Kama fer-folate inakuletea kichefuchefu, kama bibi yangu, usiifiche ndani ya kasashi: imeze usiku nyuma ya kula, ao mwambie munganga. Na ile chupa ikiisha, mbele ya kununua ingine, chukua bei yake, pita soko la Moba-Port, uliza inaleta kopo ngapi za ndagala.